Mwonjaji wa Wavu Mkuukuu

Gisenyi, 16 Machi 2024

Mpendwa Cyusa,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu kabla ya Krismasi. Sikuwa mgonjwa, wala wino haukuniishia. Barua yako ilinikasirisha, na mimi nilifundishwa kutoandika nikiwa na hasira. Nikasubiri ipoe. Imekawia kupoa kuliko nilivyotarajia.

Hapa tu wazima. Goti la kushoto linaniuma mvua inapokaribia, na mwezi huu inakaribia kila siku. Shemeji yangu wa Nyakiriba, Mzee Niyomugabo, amevuna viazi vizuri na anavisimulia kama watoto waliofaulu mtihani. Kanisani tumepewa mwalimu mpya wa kwaya. Sasa tunaimba zaburi kwa haraka kana kwamba tunawahi basi la Kigali.

Nije kwenye jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba unataka kumwoa Iribagiza, binti wa Bwana Jean-Luc mwenye mkahawa wa samaki, ambaye mlijuana alipokuwa huko Arusha akisomea kazi za hoteli. Kwa kuwa kaka yangu, baba yako, hayupo tena, uliniomba mimi shangazi yako niende nikawatazame watu hao kabla ya Mzee Niyomugabo na wenzake kutumwa kuposa. Nimekwenda. Jumamosi iliyopita nilikula kwao, yaani, niliketi kwao.

Mkahawa unaitwa Le Vieux Filet, maana yake Wavu Mkuukuu, na wavu upo kweli. Umening'inizwa darini juu ya vichwa vya walaji, na vumbi lake linangoja tu supu ya mtu. Mlangoni pameandikwa TANGU 1938. Nyumba ni ya zamani, hilo silipingi. Lakini ilijengwa na Mzungu kwa ajili ya Wazungu, na wapishi wake walikuwa watu wa huku ambao, wakishamkaanga samaki, walinawa mikono kwa majivu na kurudi kwao kula maharage. Babu yako alikuwa akisema kwamba samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Leo picha za wapishi hao zimebandikwa ukutani, na chini yake maandishi: "Mabingwa wa samaki, kizazi hadi kizazi." Wamenuna katika picha zote.

Nilipewa kiti kinachotazama ziwa. Nikaomba kinachotazama ukuta.

"Mama, hii njo kiti ya muzuri," akasema mhudumu, mtu mzima mwenye mvi, jina lake Théogène. "Wageni wanaipigania."

"Waache wapigane. Ziwa naliona kila siku nikianika nguo. Sitatafuna mbele ya watu wasionijua."

Basi nikatazamishwa ukuta. Bwana Jean-Luc akaja mwenyewe na sahani. Ni mtu mnene, mchangamfu, aliyekulia Goma, mwenye mkufu ambao ungemfaa zaidi mkewe. "Bon, Mama!" akasema kwa sauti ya kusikika hadi bandarini Rubona. "Tilapia ya lac, asubuhi tu ilikuwa inaogelea. Mukule bien!" Akaiweka mezani, akanipiga bega, akaenda kuwachekea Wabelgiji.

Cyusa, mimi ni mgeni aliyekuja kwa habari ya posa. Kwetu mwenyeji huonja kwanza. Awe anakupa maziwa, pombe au chakula, yeye hutangulia kuonja mbele yako ili moyo wako utulie. Hata maskini asiye na kiti hufanya hivyo. Bwana huyu hakuonja. Nikaweka mikono mapajani, nikangoja. Samaki akanitazama, nami nikamtazama.

Baada ya muda Théogène akaja, jasho likimtoka.

"Samaki iko mubaya, Mama?"

"Si mbaya. Hajaonjwa."

"Ahaa." Alinielewa mara moja, ni mtu wa huku. "Lakini patron amekwenda kule kwa Wazungu."

"Basi onja wewe."

"Mi? Mama, mi siko na ruhusa ya kukula chakula ya muclient. Watanifukuza."

"Samaki huyu akibaki mzima watakufukuza vilevile, kwa sababu wataniuliza kisa, nami sisemi uongo."

Akaangaza huku na huku, akachomoa kipande karibu na kichwa, akakitia kinywani. "Iko tamu," akasema.

"Sikukuuliza utamu. Simama hapo kidogo."

"Nasimama mpaka saa ngapi, Mama?"

"Mpaka nijue kwamba bado unasimama."

Meza za jirani ziliacha kula. Mzungu mmoja akainuka na simu yake, akatupiga picha. Mkewe akaniuliza kwa Kifaransa kama hiyo ni desturi ya nyumba hii. Nikamjibu, kwa Kifaransa nilichofundishwa na masista, kwamba ni desturi ya watu wenye adabu.

Msichana mwenyewe sikumwona. Walisema yuko jikoni. Jambo moja lanisumbua, nalo ndilo lililonikasirisha. Katika barua yako umeandika kurasa mbili kuhusu baba yake na mkahawa, na sentensi moja kuhusu binti. Je, yeye amekubali? Nijibu hilo.

Shangazi yako,
Mukagatare


Arusha, 11 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu dereva wa basi aliisahau chini ya kiti chake, akaipeleka hadi Moshi na kuirudisha. Kama ungekubali tu kutumia simu! Najua, najua: simu ni ya kuulizia bei ya viazi.

Mimi mzima, kazi inaendelea. Ofisini tuna wageni wengi wa kupanda mlima, na nimeongezewa majukumu bila kuongezewa kingine chochote. Mama anakusalimu kutoka Karagwe. Amewekewa meno mapya, na sasa anacheka hata kwenye misiba, tunamkanya.

Shangazi, umefanya nini? Iribagiza amenipigia simu. Anasema baba yake hakulala. Ameambiwa na majirani kwamba shangazi wa mposaji alimlazimisha mhudumu kula kwanza ili kuona kama atakufa. Yaani umemwita mlozi mbele ya wateja! Fundi mmoja wa magari pale jirani ameanza kuuliza kwa mzaha, "Leo amekufa nani kwa Jean-Luc?"

Mzee yule hakukusudia ubaya. Mkahawani watu hawaonji, Shangazi, wanaleta tu chakula. Ndivyo ilivyo duniani kote. Nakusihi urudi pale, umsalimie, ule samaki mzima mbele ya watu, useme ni mtamu. Mambo yote yatanyooka. Baba yake akiridhika, hakuna litakalobaki. Huyu ni mtu mkubwa, ana watu wanaokuja kutoka Ulaya kwa ajili ya sahani zake, na mimi niko katika utalii. Unaona jinsi mambo yanavyooana.

Hukuniambia kitu kimoja: hatimaye ulimla yule samaki?

Nakupenda sana,
Cyusa


Gisenyi, 2 Juni 2024

Mpendwa Cyusa,

Marahaba. Nafurahi kwa ajili ya meno ya mama yako. Mwambie ayafunge kidogo kwenye misiba ya watu wa ukoo wetu. Ya wengine acheke.

Mvua zimekatika na goti limenyamaza. Mzee Niyomugabo ameshonesha suti ya kwenda kuposa, na nasikia anafanyia mazoezi hotuba yake zizini. Ng'ombe wamekuwa wapole ajabu.

Nilirudi Wavu Mkuukuu kama ulivyoomba, nikiwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno machache yenye staha. Sikupata nafasi. Mlangoni, chini ya TANGU 1938, kumeongezwa ubao mpya. Umeandikwa kwa lugha nne, na Kiswahili chake kina makosa ambayo nimeyaacha kwa huruma: "Njooni kwa Sherehe ya Kuonja, Desturi ya Kale ya Nyumba Hii."

Nikaingia. Théogène alikuwa amevikwa shuka begani, na kichwani amefungwa utepe wa shanga. Mkononi ana kijiko cha mti chenye urefu wa mwiko wa ugali wa harusi. Ngoma ndogo inapigwa, anaikaribia meza, anainama, anachota samaki wa mteja, anatafuna huku akitazama dari, kisha anasimama kimya. Wazungu wote wanamtazama kwa hofu. Halafu anainua mikono juu, maana yake hajafa, nao wanapiga makofi. Anakwenda meza ya pili.

"Théogène," nikamwita, "umekuwaje?"

"Ah, Mama, we ndiye uliniingiza mu hii kazi!" Akajishika tumbo. "Toka asubuhi nimeonja tilapia, zile samaki kidogo za sambaza, kuku, na frites za viazi. Kuko hata mwenye aliniambia nionje maji. Bibi yangu nyumbani anasema nikinuka samaki tena nitalala inje."

"Nawe unakubali?"

"Wananipigia makofi, Mama," akasema kwa unyonge. "Miaka yote nimebeba sahani, hakuna mutu alinipigia makofi."

Bwana Jean-Luc alinipokea kama mama mzazi. Kama alikuwa na hasira, imekwisha kuuzwa. Alinishika mkono na kunipeleka katikati ya ukumbi.

"Mesdames, messieurs! Huyu njo Mama mwenye anajua desturi yote. Mama, elezea wageni: ilianza na mfalme gani?"

"Haikuanza na mfalme," nikasema. "Ilianza na watu waliokuwa wakiogopa kuuana kwa sumu, na bado wanaogopa. Na anayepaswa kuonja ni wewe mwenyeji, si mtumishi wako."

Alitafsiri. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema, na katika tafsiri yake nilisikia neno "roi", yaani mfalme, mara kadhaa. Wakapiga makofi.

Baadaye nikamvuta kando. "Bwana Jean-Luc, unawadanganya."

"Donc, Mama, nani ameumia?" Alicheka, akafuta jasho kwa mkufu, yaani kwa leso iliyokuwa karibu na mkufu. "Wao wanapenda historia. Mi niko na historia. Mbele sikukuwa nayo ya kutosha, wewe ukaniletea. We na mi tuko famille sasa."

Nikaenda kuketi kwenye kiti changu cha kutazama ukuta.

Wewe unasema mambo yanaoana, nami naona hivyo pia, ila sijui ni nani anayeolewa: binti au mkahawa. Nauliza kwa mara ya pili. Iribagiza amekubali? Neno moja linatosha. Safari hii pia alikuwa jikoni. Niliona mkono tu ukisukuma sahani dirishani, mkono wenye alama ya mafuta yaliyomrukia. Ulinipendeza kuliko vitu vyote vya nyumba ile.

Wanaweka ndimu nyingi mno, na mkia walikuwa wameukausha.

Shangazi yako,
Mukagatare


Arusha, 30 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, huu ni msimu wa wageni na silali. Mama mzima. Binamu Ndahiro amepata mtoto wa kike. Wamempa jina Ishimwe. Ana sauti kubwa, wanasema amekufuata wewe.

Sasa habari njema! Ile Sherehe ya Kuonja imeingia katika vijitabu vya kampuni yetu. Mimi mwenyewe niliipeleka kwa bosi. Wageni wakimaliza kuona sokwe wanapelekwa Gisenyi kuonjewa samaki. Mzee Jean-Luc alinipigia simu, akaniita "mwanangu". Alisema hivyo hivyo, Shangazi: mwanangu!

Na ana wazo kubwa. Posa yetu ifanyike palepale mkahawani, mwezi wa kumi. Upande wetu ukae chini ya wavu, upande wao uelekee ziwani. Mzee Niyomugabo aseme maneno yake, wasemaji wajibizane kama kawaida. Wageni watakata tiketi na kukaa kimya pembeni, hawatatusumbua. Watatafsiriwa. Na wewe, kwa kuwa ndiwe chimbuko la desturi, utaonja maziwa ya bibi harusi kabla ya wote, taratibu, kwa sababu kutakuwa na kamera. Amesema atakununulia kitambaa.

Nakuomba ukubali upesi, kwa sababu vijitabu vinachapwa mwezi ujao. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa hivi.

Iribagiza ana kazi nyingi siku hizi. Hashiki simu. Nadhani ni ule moshi wa jikoni.

Umeandika kuhusu mkia na ndimu. Kwa hiyo ulikula?

Wako,
Cyusa


Gisenyi, 8 Septemba 2024

Mpendwa Cyusa,

Marahaba. Mpe hongera Ndahiro. Mtoto mwenye sauti afundishwe mapema kuitumia kwa sentensi kamili.

Ziwa limefungwa ili samaki wazaliane. Mashua zimelala Rubona, na wavuvi wanashinda wakishona nyavu na kugombana. Katika Wavu Mkuukuu ubao bado unasema kwamba samaki amevuliwa asubuhi hii. Wanashuka kutoka kwenye gari la barafu, nimewaona kwa macho yangu, na Théogène anawaonja huku akitazama ziwani kwa huzuni.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya Biblia ili itulie. Nilikuwa nimeanza kuandika jibu ambalo usingelipenda, ndipo mlango ukabishwa. Alikuwa Iribagiza. Amekuja peke yake, kwa miguu, na harufu ya kitunguu ingali mikononi mwake.

Nilimkaribisha, nikaonja maziwa, nikampa. Akanywa yote, akaweka kikombe chini.

"Shangazi," akasema, "nimekuja kukuuliza. Cyusa ni mtu wa namna gani?"

"Wewe ndiwe unayeolewa naye, nawe waniuliza mimi?"

"Nani amesema ninaolewa?"

Nikakijaza kikombe tena.

"Baba anasema. Kijitabu kinasema, nimeona mpaka picha ya kiti changu," akaendelea. "Cyusa aliniuliza kama baba yangu atakubali. Nikamwambia, kamwulize yeye. Akaenda, akamwuliza. Tangu siku hiyo wanaongea wao wawili. Mi sijaulizwa hata siku moja. Nangoja. Nilifikiri labda kwenu shangazi ndiye anauliza."

"Kwetu kijana mwenyewe anauliza. Shangazi anakuja baadaye, kumkagua msichana."

"Basi umenikagua? Jumamosi zote zile umekaa pale unatazama ukuta." Hapo akacheka, akaongeza maneno mengine kuhusu Jumamosi, na kuhusu sahani zinazorudi dirishani zikiwa na mifupa mitupu, ambayo hayakuhusu.

Nikamwuliza kuhusu tiketi. Uso ukabadilika.

"Nimemwambia Baba: siku atakayouza tiketi ya posa yangu, atafute mpishi mwingine. Alinicheka. Nikamwachia mwiko juu ya jiko, nikatoka. Kwa muda wa chakula cha mchana Théogène alikuwa na kazi ya kuonja hewa. Sasa hacheki tena."

Kisha akarudia swali lake, wewe ni mtu wa namna gani. Cyusa, nilikulea tangu ulipoletwa kwangu kusoma, darasa la nne. Ningeweza kukusifu, na ndilo jambo ambalo shangazi yeyote angelifanya. Lakini alikuwa ameuliza vizuri, kwa unyofu, na alistahili jibu la namna hiyo hiyo. Nikamwambia kwamba huna hila na huna uchoyo. Kwamba ulimwuguza baba yako bila kulalamika. Na kwamba ukiulizwa jambo linalokutisha huzungumzia jambo jingine kwa uchangamfu mkubwa, hadi aliyekuuliza aone haya kurudia. Nikamwambia nimekuuliza kama amekubali, nikakuuliza tena, ukanijibu kwa habari za vijitabu.

"Anaogopa nitakataa," akasema polepole.

"Ndiyo. Kwa hiyo amemwoa baba yako kwanza, ili wewe uje kama nyongeza."

Alicheka, kisha akatazama mikono yake. Nilitaka kusema neno la kukutetea. Sikulipata lililokuwa kweli.

Alipoondoka aliniachia ujumbe. Uje Gisenyi bila kijitabu, bila bosi, na bila kupitia kwa baba yake. Umwulize yeye, kwa kinywa chako, ukiwa umesimama mahali ambapo hakuna anayepiga makofi. Atakusikiliza. Hajasema atajibu nini, nami sikumshawishi. Amesema bado anafikiri, na kwamba huenda akafikiri hata baada ya wewe kuuliza.

Mzee Niyomugabo nimemwambia aitundike suti. Amekasirika, lakini ng'ombe bado wanamsikiliza. Bwana Jean-Luc alikuja kwangu jana bila mkufu, akaniomba nizungumze na binti yake. Nilimpa kiti, nikaonja chai mbele yake, nikamwambia kwamba sisi sote wakubwa hatukualikwa katika jambo hili.

Miezi yote hii nilidhani nimetumwa kuikagua familia yao. Kumbe sisi ndio tuliowekwa mezani, na msichana yule amekaa mbele yetu mikono ikiwa mapajani.

Panda basi. Usiniandikie kuuliza ana mwelekeo gani, maana sijui, na ningejua nisingekwambia. Akishaamua, iwe ndiyo au hapana, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Shangazi yako,
Mukagatare